Ile punje nono inaweza kukudanganya

Misimu kadhaa nilikuwa nachagua maharage ya mbegu kwa macho tu, yaani namwaga rundo chini, naokota yale manono yanayong'aa naweka pembeni, nikiamini msimu ujao yatazaa manono zaidi. Wapi. Yalizaa vilevile kama ya mwanzo, na jambo hilo lilinisumbua sana mpaka nilipokuja kusoma habari za Mdenmaki mmoja anaitwa Wilhelm Johannsen, aliyeandika kuhusu maharage yake mwaka 1903.

Johannsen alichukua maharage ya aina moja ila yaliyochanganyika, akapanda, halafu uzao wa kila punje akautunza peke yake bila kuuchanganya na mwingine. Akapata koo 19. Kumbe kila ukoo una uzito wake: ule mzito kuliko wote punje zake zilikuwa na wastani wa miligramu 642, ule mwepesi 351. Mpaka hapo kuchagua kunalipa, shika ukoo mzito tupa mwepesi, basi. Lakini hakuishia hapo, akaingia ndani ya ukoo mmoja, akapanda punje kubwa kivyake na punje ndogo kivyake, kizazi baada ya kizazi, na watoto wa kubwa na watoto wa ndogo wakatoka na uzito uleule! Kwa sababu ndani ya ukoo safi jeni, yaani vile vinasaba vinavyorithisha sifa, ni zilezile, ile tofauti ya unono imeletwa na udongo, maji, nafasi, hata mahali punje ilipokaa ndani ya ganda, na hayo hayarithiwi. Neno jeni lenyewe ni huyuhuyu Johannsen aliyelitoa, 1909.

Sasa usafi unatoka wapi? Maharage, ngano, mpunga, soya, hizi zinajichavusha zenyewe. Ukizalisha wazazi wawili tofauti, kile kizazi cha kwanza, F1, kila sehemu ambayo wazazi walitofautiana kina jeni moja ya huku na moja ya kule. Halafu kila kikijichavusha ile michanganyiko inapungua nusu: F2 inabaki asilimia 50, F3 25, F4 12.5, ukifika F6 ni kama 3 tu, ndo maana watu wa mbegu wanakuwa na subira ya ajabu, kwani ukichagua mapema unachagua mmea ambao watoto wake bado watatawanyika.

Njia za kufika huko ni kadhaa. Kuna kuokota mimea mizuri na kuchanganya mbegu zake pamoja, ni rahisi na inasaidia kidogo, ila ndo palepale pa macho. Kuna ya kuandika ukoo, kila mmea mama una namba na mstari wake shambani, daftari linajaa lakini unajua nani kazaliwa na nani. Mi inayonivutia zaidi ni ile ya punje moja: kila mmea wa F2 unachukua punje moja tu, unapanda, tena punje moja, mpaka F5 au F6, huchagui kitu njiani, unapitisha tu vizazi haraka hata kwenye vyungu vidogo, halafu mwishoni ndo unafungua mistari na kupima. Maabara wana njia ya mkato, wanaotesha mmea kutoka kwenye chavua yenye seti moja tu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), wanaidurufu seti hiyo kwa dawa iitwayo kolchisini, unapata usafi kamili kwa kizazi kimoja.

Mahindi usiyafanyie hivi ukategemea furaha, yanachavushana na jirani, ukiyalazimisha yajichavushe yanadumaa, yanadhoofika vibaya. Koo zake safi zinatengenezwa ili baadaye zizalishwe na nyingine zitoe chotara wenye nguvu, George Shull alilionyesha hilo Marekani kuanzia 1908.

Sasa hivi mi sichambui tena rundo. Nachuma mmea mmoja mmoja, kila mmoja na bahasha yake na namba, msimu unaofuata kila bahasha mstari wake, na nauangalia mstari mzima, siyo ule mmea uliobahatika kuota pembeni penye nafasi na mbolea. Mstari wenye mimea isiyofanana naurudisha kwenye bahasha mojamoja tena, bado haujatulia.