Tiketi ninayo, chaji sina

Wiki iliyopita nimepigwa faini ya euro 60 kwenye tramu, treni ya mjini ya huku Ujerumani, na tiketi ninayo. Soma tena, NINAYO, nimeilipia mwezi mzima, imo kwenye simu, ila simu imezima. Huku Januari baridi ikishuka chini ya sifuri betri haina adabu, unaiona ina asilimia 30, unairudisha mfukoni, ukiitoa tena giza.

Na wakaguzi wa hapa wengi hawavai sare. Jamaa kakaa kama abiria mwenzako na kibegi chake, milango ikishafungwa ndo anasimama anatoa kitambulisho, jamani tiketi. Nikamwonyesha kioo cheusi. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikaiweka kwapani ipate joto, kweli tena, kwapani, kama mtoto anayepimwa homa, na tramu nzima inaniangalia na mweusi ni mimi peke yangu humo ndani kwa hiyo unajua wanavyowaza hata wasiposema. Kuna bibi wa kizungu alikuwa mbele yangu, hata salamu hajanipa, akafungua mkoba akanitolea pawabanki na waya wake. Tundu likakataa, waya ulikuwa wa iPhone. Lakini ule mkono wake nitaukumbuka kuliko sura ya mkaguzi, maana mkaguzi alikuwa ameshaanza kuandika.

Euro 60 ni laki na sabini na kitu. Mtu wa Kigoma sina haja ya kukueleza laki na sabini ukishuka nayo sokoni kwa dagaa Kibirizi asubuhi unarudi na nini.

Sasa wiki hiyohiyo mtoto wa dada yangu wa Gungu alikuwa kaniuliza WhatsApp, "Mjomba shikamoo, huko Ujerumani mnatumia aplikesheni gani kwenye maisha ya kila siku, nataka nianze kujizoesha." Swali zuri, ila alinikuta na hasira za faini, nikamjibu kwa voisi ya dakika kumi na moja, akasikiliza mbili akasema bando. Basi naandika.

Ya kwanza ndo hiyohiyo iliyoniponza. Kuna tiketi inaitwa Deutschlandticket, unailipia kwa mwezi, unapanda basi, tramu, treni za chini ya ardhi na treni za mikoani nchi nzima, ila sio zile za mwendo kasi za masafa marefu. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikawa 63, kwa hiyo na wao bei zinapanda msifikiri ni Mwanga kwetu Kigoma tu. Bado kwangu ni hela halali kabisa kwa jinsi ninavyozunguka. Unafungua programu, unaandika unapokwenda, inakwambia toka nyumbani saa 1:12, panda namba fulani, shuka, vuka barabara. Miezi ya kwanza nilikuwa naitii kama mwalimu wa zamu.

Ila msije mkadanganyika na hadithi za Mjerumani na saa. Mimi nimekulia karibu na stesheni waliyoijenga wao wenyewe pale Kigoma, na meli yao Liemba waliitengeneza kwao Papenburg mwaka 1913 wakaifungua vipandevipande wakaja kuiunganisha kwetu, nikawa najua hawa watu huku kwao treni itakuwa inapita kama sindano ya saa. Mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati ni kama asilimia 62, na hapo ikichelewa chini ya dakika sita wanahesabu imewahi. Programu ya treni inakuletea meseji: imechelewa dakika 10. Dakika 25. Dakika 40. Halafu imefutwa. Nilikuwa nacheka peke yangu siku moja stesheni, nakumbuka tunavyoisubiri ya kutoka Tabora, tofauti ni kwamba sisi hatutumiwi meseji na pale unapata mihogo ya kukaanga ukisubiri.

Ya pili, na hii ndo naipenda kuliko zote, ni ya kutafsiri. Nina Google Translate na DeepL, kwenye Kijerumani DeepL naiona iko vizuri zaidi ila Google ndo naizoea kwa kamera, unaielekeza kwenye karatasi maneno yanageuka Kiswahili palepale. Na karatasi huku ni nyingi! Nchi tajiri hivi lakini kila kitu ni barua, benki barua, bima barua, kodi barua, mpaka ukiwa na barua mbili sandukuni unaanza kusali.

Siku moja nikakuta kikaratasi kimebandikwa mlangoni kwangu kwa mwandiko wa mkono. Nikapiga picha. Kiswahili kikaja: "Jirani mpendwa, Jumapili kutoka kwako kunatoka kugonga kwa midundo. Jumapili ni siku ya kimya." Midundo! Nilikuwa natwanga karanga, basi. Sombe, yaani kisamvu, lenyewe huku linakuja limeshatwangwa liko kwenye friza duka la Waafrika, mawese pia yapo ukijua pa kuyatafuta, lakini karanga nilitaka za kinu maana kinu mama alinifungia mwenyewe kwenye begi nikakilipia kilo za ziada uwanja wa ndege, sasa nisikitumie? Kumbe Jumapili huku hata kutoboa ukuta hairuhusiwi, maduka karibu yote yamefungwa, mtaa mzima kimya kama kuna msiba. Siku hizi natwanga Jumamosi mchana. Jirani mwenyewe tunasalimiana vizuri tu, na mimi sijawahi kumwambia kwamba najua ni yeye.

Nyingine inaitwa Too Good To Go. Mikate, matunda, chakula cha mgahawa ambacho hakijauzwa mpaka jioni, wanakufungia kwenye mfuko kwa theluthi hivi ya bei yake, unalipia kwenye simu, unaenda saa waliyokupangia unachukua, ndani hujui kuna nini. Mwanzo niliona aibu, nikawa najificha kofia, nikijiambia nimekuja Ulaya kula makombo. Halafu nikajiuliza, dagaa wakibaki mchana jua likiwaka mama haendi kupatana? Anaenda, tena anachekelea njia nzima mpaka Ujiji. Nikatoa kofia. Kwa euro nne tano nimewahi kurudi na mikate ya siku tatu, wajerumani mkate wao mgumu lakini ukiuzoea chai inaenda.

Kleinanzeigen ni ya vitu vya mitumba, na kuna sehemu watu wanatoa bure, zu verschenken, hilo neno lishike kabla hata ya guten Morgen. Kitanda changu, meza na baiskeli vimetoka humo. Kazi yako ni kubeba tu, na kubeba kitanda kwenye tramu ni hadithi nyingine. Ya daktari, Doctolib, unapata miadi bila kupiga simu, na kwa ambaye Kijerumani chake bado kinachechemea kutopiga simu ni neema, ingawa nafasi ya mtaalamu wa macho nilipata baada ya miezi mitatu.

Wewe mjomba unayejiandaa, nakuomba hivi. Usije na simu ya kuungaunga. Programu za benki za huku simu ya zamani zinaikataa, na ukibadilisha simu wengine wanakutumia namba ya siri kwa posta, naam kwa posta, unakaa siku kadhaa huna benki. Laini yako ya nyumbani usiitupe, iwekee vocha mara mojamoja na uitumie isije ikafungiwa, kwa sababu imesajiliwa kwa kidole chako na hicho kidole kitakuwa huku. Vyeti vyote piga picha safi uviweke kwenye barua pepe. Na jifunze lugha, programu inatafsiri karatasi lakini haikutafsirii bosi akinong'ona. Pawabanki nunua kabla ya koti.

Nimalizie la faini. Kesho yake nikaenda ofisini kwao na simu ina chaji mia kwa mia, nikaonyesha tiketi, ina jina langu, yule dada wa kaunta akaangalia akagonga kompyuta, akasema basi lipa euro 7. Hakuna samahani hakuna pole, lakini 7 sio 60, nikatoka natembea kwa maringo.

Jioni nikampigia mama Ujiji kwa video. Kabla sijafika kwenye hiyo saba akanikata.

"Sasa wewe nawe, si ungemwambia konda utampa kesho?"

"Mama, huku hakuna konda, hakuna kesho, ni sheria."

"Ikawaje?"

"Nikaenda kesho yake nikawaonyesha, wakapunguza ikawa saba."

Akanyamaza kidogo, namwona paji la uso tu, simu kaishika juu.

"Kwa hiyo kesho walikubali."

Nikataka kumweleza, bando likakata. La kwake, sio langu.