Chipu ya Maji

Mwezi Agosti 2015 magari ya matangazo yalikuwa yameanza kuzunguka mitaa ya Mwanza kwa ajili ya kampeni za uchaguzi mkuu wa Oktoba, na kila kibaraza kilikuwa na mjadala wake. Mimi nilikuwa na habari nyingine, ambayo haikuwa na msikilizaji ofisini wala nyumbani: michezo ya kompyuta ya Fallout, Fallout 2 na Fallout Tactics ilikuwa imerejea katika duka la mtandaoni la GOG, baada ya kutokuwamo humo tangu siku ya mwisho ya mwaka 2013. Mtu mmoja tu angeelewa uzito wa jambo hilo, naye ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi kisiwani Ukerewe. Nilimpigia simu usiku huohuo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ile ya kwanza imo?"

Ile ya kwanza tuliifahamu mwanzoni mwa miaka ya 2000, yeye akiwa mwanachuo wa ualimu pale Butimba na mimi nikiwa bado sekondari. Mwisho wa wiki alikuja kwetu Mabatini, akamwamkia mama, akala, kisha tukateremka mjini hadi kwenye kafe ya intaneti iliyokuwa ghorofani karibu na Mtaa wa Rufiji. Vijana wengi pale walifuata michezo ya mpira na ya mbio za magari, na foleni yao haikuisha. Sisi tulielekezwa kwenye kompyuta ya kona, nzito na ya zamani, isiyoweza kuendesha michezo hiyo, na mwenye kafe akatupatia CD isiyo na kava, iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Ilikuwa nakala ya nakala, na alitupa sisi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka: ilijaa maandishi ya kusoma, na haikuwa na mpira ndani yake.

Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Interplay ya Marekani mwaka 1997. Ni wa aina ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mmoja na kumjenga taratibu, akimchagulia vipaji, maneno ya kusema na watu wa kufuatana nao. Dunia imeteketea kwa vita vya nyuklia, na kizazi kilichosalia kinaishi ndani ya mahandaki makubwa chini ya ardhi. Katika handaki namba 13, chipu inayoendesha mtambo wa kusafisha maji inaharibika, na msimamizi wa handaki anamtuma kijana mmoja atoke nje akatafute nyingine, akimpa siku 150 kabla maji hayajaisha. Watu wengine pengine wangehitaji kuelezwa kwa nini jambo dogo kama hilo litoshe kuanzisha hadithi ndefu namna ile. Sisi hatukuhitaji. Kwetu Mabatini ziwa lilionekana ukisimama mlangoni, pana na linalong'aa, na bado maji ya kunywa yalipandishwa mlimani kwa ndoo kichwani, kati ya mawe, kila bomba lilipokauka.

Mapigano ya mchezo huo hayakuwa ya kukimbizana. Kila mhusika alipewa pointi za vitendo, akazitumia kutembea, kufyatua risasi au kufungua begi lake, na zikiisha alimwachia zamu adui. Kwa watu wawili wanaokaa mbele ya kompyuta moja hakuna mpango bora kuliko huo, kwa sababu muda haukwenda mpaka mmeamua, na kwa hiyo tulibishana kabla ya kila risasi. Ungeweza kulenga sehemu maalumu ya mwili, na kaka alipenda kulenga macho, ingawa ilikula pointi zaidi na mara nyingi risasi ilipita hewani. Nilimwona akiinamisha kichwa hadi pua ikaribie kioo, akisoma asilimia ya uwezekano wa kupata shabaha, huku kidole kikiwa kimetulia juu ya kipanya na mwenye kafe akitukumbusha kwa sauti kwamba nusu saa yetu inakatika. Tulikuwa na mwenzetu wa safari ndani ya mchezo aitwaye Ian, tuliyemwajiri katika kijiji cha kwanza, Shady Sands, ambaye akipewa bunduki ya kumimina risasi alitupiga mgongoni bila hata kuomba radhi. Wachezaji wa Fallout popote walipo wanamfahamu Ian kwa tabia hiyo.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya kumjenga mhusika. Mchezo humpa kila mtu sifa saba, kuanzia nguvu hadi bahati, zote zikiwa na alama tano, pamoja na alama tano za ziada za kugawa upendavyo. Mimi nilitaka nguvu. Kaka, kama ilivyokuwa desturi yake, aliziweka kwenye akili na mvuto wa maneno, akisema kwamba mtu asiye na silaha ya maana inambidi ajue kuzungumza. Alikuwa sahihi, kwani mchezo ule unahesabu kweli: ukiwa na akili haba, mhusika wako anaongea kwa kubabaika na watu wanakataa kukupa kazi, na ukiwa nazo za kutosha, milango mingine inafunguka kwa maneno tu.

Hatukuwahi kuipata chipu. Chipu imo katika mji uitwao Necropolis, mji wa watu walioungua kwa mionzi wakabaki hai, na nakala yetu iliganda kila tulipoukanyaga mji huo. Tuliipangusa CD kwa shati, kwa pamba, kwa spiriti; hakuna kilichosaidia. Baadaye kafe ilifungwa, chumba kikawa duka la simu, na kaka akapangiwa kazi Ukerewe. Miaka fulani nilipata nakala nyingine kwa rafiki, lakini kompyuta zilikuwa zimekwisha kubadilika. Mchezo ule ulichorwa kwa rangi 256 tu, na Windows mpya zilizivuruga, nyuso za watu zikatoka za kijani na zambarau.

Huo ndio ugonjwa ambao GOG ilianzishwa kuutibu. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ililifungua duka hilo mwaka 2008 kwa ajili ya michezo ya zamani, ikiitengeneza ifanye kazi katika kompyuta mpya na kuiuza bila kufuli ya aina yoyote: ukishapakua faili, ni lako. Fallout zilikuwamo tangu mwanzo. Kilichoziondoa ni karatasi za wanasheria. Mwaka 2007 Interplay, ikiwa na hali mbaya ya fedha, iliiuzia kampuni nyingine ya michezo, Bethesda, haki za Fallout, zikafuata kesi za miaka kadhaa, na makubaliano yaliyozimaliza yaliiruhusu Interplay kuendelea kuuza ile michezo ya awali hadi tarehe 31 Desemba 2013 na si zaidi. GOG iliigawa bure kwa muda mfupi mwezi huohuo wa mwisho, lakini habari ilinifikia rafu ikiwa tupu. Mwezi wa kurejea kwake, Agosti 2015, ulikuwa wa neema kwa wazee wa michezo hii, kwani duka hilohilo lilipokea pia Pool of Radiance ya mwaka 1988 na ndugu zake, michezo niliyoifahamu kwa kusimuliwa tu.

Kulipia ndiko kulikokuwa na kazi. Simu yangu iliweza kulipa ada ya shule, umeme na mbuzi mnadani, ila si mchezo wa kompyuta ulioko Poland, na kadi yangu ya benki ilikataliwa bila maelezo. Ikabidi niende kwa shemeji, mume wa dada yangu, ambaye kazi yake ilimpa kadi inayokubalika nje. Nilimpelekea fedha taslimu. Bei haikuzidi dola 10, na dola wakati huo ilikuwa imepita shilingi 2,000. Shemeji alizihesabu noti, akaitazama picha ya mchezo kwenye kioo, akatazama mwaka ulioandikwa chini yake.

"Shemeji, huu ni wa mwaka 1997?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na wenye mchezo wanajua kwamba ni wa mwaka 1997?"

Dada alicheka hadi akaweka chini mwiko. Hata hivyo shemeji alilipa, na risiti ilipofika kwenye barua pepe yangu alitaka kuiona kwa macho yake, asije akawa ametapeliwa.

Mchezo wote uliwahi kuenea katika CD moja, kwa hiyo faili lake halikufika gigabaiti moja, lakini mwaka ule kiasi hicho kwa bei ya mchana kilikuwa anasa. Nilinunua bando la usiku, lile linaloanza saa sita, nikachomeka modemu na kukaa macho. Umeme ulikatika katikati ya kazi, betri ikahimili, na kabla bando halijaisha alfajiri faili lilikuwa limekamilika. Nililinakili kwenye flashi mbili.

Jumamosi iliyofuata nilipanda meli ya Nansio katika bandari ya Mwanza Kaskazini, flashi moja mfukoni na nyingine ndani ya begi, katikati ya magunia, magodoro na akina mama waliokwisha kutandika khanga zao sakafuni kabla meli haijang'oa nanga. Ziwa lilikuwa shwari na safari haikuwa na la kusimulia.

Kaka alinipokea bandarini kwa baiskeli. Nyumbani kwake, wifi alikwisha kukaanga sato, na kompyuta mpakato ya mtumba ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Aliuliza kama tutahitaji intaneti, kwa sababu pale kwake mtandao ulipatikana kwa kuubembeleza chini ya mwembe. Nikamwambia hapana. Tulichomeka flashi, tukasakinisha, na mchezo ukafunguka bila kuuliza namba ya siri, bila kuomba idhini ya mtu yeyote aliyeko mbali, rangi zote zikiwa mahali pake. Yapo maduka makubwa kuliko hilo, yenye michezo mingi na bei nzuri, lakini mengi yao hukukodisha ruhusa huku yakiita ununuzi, na ruhusa ya namna hiyo isingevuka maji kuja Ukerewe ndani ya flashi.

Kaka aligawa alama zake tano palepale alipozigawa zamani. Tulimwajiri Ian tena, na tena akatupiga mgongoni. Tulipofika The Hub, mji wa biashara ambako kuna wauza maji wanaoweza kupeleka msafara handakini na kukuongezea siku 100, nilishauri tuwalipe ili tupate nafasi ya kupumua. Kaka alikataa katakata. "Wauza maji nawafahamu," alisema. "Ukianza kuwategemea, bomba halitengenezwi kamwe." Sikuwa na la kujibu, nikijua bei ambayo dumu la mkokoteni hufikia mjini kwetu wakati wa shida.

Usiku tuliingia Necropolis, na wote wawili tulishika meza tukisubiri kioo kigande. Hakikuganda. Majitu yanayolinda kisima tuliyapita kwa ulaghai wa maneno, mvuto wa kaka ukilipa deni lake la miaka, na huko chini tukaikuta chipu ndani ya kompyuta ya handaki jingine. Siku zetu zilikuwa zinakaribia kuisha. Nilimwambia achukue tuondoke. Kaka akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Hawa wenyeji wanakunywa maji gani tukishaichukua?"

Ndivyo mchezo ulivyopangwa, na hakuna anayekulazimisha kuuliza. Chini ya mji kuna watu wachache walioungua ambao wana pampu iliyoharibika, na chipu ile ndiyo inayowapa maji. Ukiing'oa na kuondoka, watakufa kwa kiu. Lakini katika mifereji ya majitaka vipo vyuma chakavu vya kuitengenezea pampu, kama una ustadi wa ufundi na subira ya kuvitafuta. Nilimkumbusha kwamba wenzetu wa handaki namba 13 nao wana kiu. Wifi, aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni na ambaye sikudhani anasikiliza, alisema bila kuinua kichwa kwamba kama muda upo, pampu itengenezwe kwanza. Kura zikawa mbili kwa moja. Tulizunguka kwenye mifereji hadi tukapata vyuma, fundi wetu akashindwa, akarudia, na hatimaye pampu ikafanya kazi. Ndipo tukachukua chipu.

Tuliifikisha handakini zikiwa zimebaki siku chache. Msimamizi alishukuru, kisha palepale akatupa kazi nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, ya kwenda kuangamiza chimbuko la majitu yale. Kaka aliegemea kiti akacheka, akasema kwamba mkuu wa kazi ni mkuu wa kazi hata baada ya dunia kwisha. Jumapili nilirudi Mwanza na kumwachia flashi.

Alinipigia simu wiki kadhaa baadaye, kampeni zikiwa zimepamba moto, nami nikadhani anataka kuzungumza siasa. Hakuwa na salamu ndefu.

"Mdogo wangu, wamenifukuza."

"Shuleni?"

"Handakini! Nimewaletea maji, nimewamalizia majitu yote, nimerudi hadi mlangoni, na yule msimamizi ananiambia siwezi kuingia. Eti vijana wataniiga na kutaka kutoka nje."

Nilimwambia kwamba ndivyo inavyoisha kwa kila mtu. Alilaani kwa Kikerewe, kisha akatulia, akauliza kama ni kweli ya pili nayo imerudi dukani. Nikajibu kwamba zimerudi zote tatu.

"Basi msalimie shemeji yetu," akasema, "na umuulize kama ile kadi bado inalipia."