Sekunde nane tu: siku moja maishani mwangu kama mhariri wa filamu London

Niliwahi kupishana kwenye lifti na mwigizaji ambaye nilikuwa nimemtazama miezi kadhaa mfululizo. Namjua kuliko ndugu zake wanavyomjua: anavyopepesa macho kabla ya kusema uongo wa kuigiza, anavyomeza mate akisahau maneno. Yeye akaniuliza kama lifti inapanda au inashuka.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Mimi ni mhariri wa filamu, mzaliwa wa Tanga, na chumba ninachofanyia kazi kiko Soho, katikati ya London, hakina dirisha hata moja. Nimeamua kuandika siku moja, Alhamisi ya wiki iliyopita, kwa sababu nimechoka kuulizwa kama nimeshapiga picha na mastaa.

Saa 1:30 asubuhi
Desemba huku muda huo bado ni giza. Treni ya chini ya ardhi hadi Tottenham Court Road, kahawa, ngazi, koti kwenye msumari.

Saa 2:30
Msaidizi wangu ameshafika. Huyu ndiye anayeshika uti wa mgongo wa kazi nzima na hakuna anayemtaja. Picha mbichi zikiletwa, anazinakili kwenye diski zaidi ya moja na kuzihifadhi mahali tofauti, anaoanisha picha na sauti kwa kufuata ule mlio wa kibao kinachogongwa mbele ya kamera, pa!, kisha anazipa majina ili nikisema "yule mzee mwenye kofia ya bluu, siku ya mvua", kipande kiwe mbele yangu kabla sijamaliza kusema. Nami nilipita hapo. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kutumwa: chai ya wateja, mikate, kubeba diski kwa miguu kwenye mvua kutoka jengo moja la Wardour Street hadi jingine. Shahada nilikuwa nayo begani, na chai nilipika.

Filamu yenyewe ni ya hali halisi, kuhusu wavuvi wa bandari moja ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Zilikuja zaidi ya saa 100 za picha, sasa zimebaki dakika 88. Na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kufunga picha. Maana yake: kuanzia jioni hiyo hakuna anayeruhusiwa kugusa urefu wala mpangilio wa kipande chochote. Watu wa sauti, wa kurekebisha rangi za picha na mtunzi wa muziki wote wanasubiri kupokea filamu ambayo haisogei tena. Wameshapanga studio na wanamuziki, na tarehe zimeshalipiwa.

Saa 4 hadi saa 7 na ushee
Nilikuwa napunguza fremu, zile picha moja moja zinazopita haraka hadi zikaonekana zinatembea. Kwa viwango vya televisheni vya Ulaya sekunde moja ina fremu 25, na nilitumia karibu nusu saa kuamua kama mvuvi ageuke fremu tatu mapema au aachwe alivyo. Mtu wa nje akiniona anaweza kudhani nimelogwa.

Ila sikuyaanza mimi. Anne V. Coates, Mwingereza aliyewahi kuwa muuguzi kabla ya kuingia kwenye uhariri, ndiye aliyehariri Lawrence of Arabia ya mwaka 1962. Kuna mahali mwigizaji Peter O'Toole anapuliza njiti ya kiberiti, na papo hapo tuko jangwani, jua linachomoza. Mpango wa awali ulikuwa picha moja iyeyuke taratibu ndani ya nyingine. Lakini kwenye nakala ya kazi yule myeyuko haukuwa umetengenezwa bado, vipande vilikuwa vimeunganishwa vikavu, na walipotazama wakaona ukavu ule una nguvu zaidi. Mwongozaji akamwambia aunyooshe. Akaondoa fremu kama mbili hivi, akaacha. Filamu ya sinema ina fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo tunazungumzia sehemu ya kumi na mbili ya sekunde, na watu bado wanausimulia mkato ule. Alipata Oscar kwa filamu hiyo, na mwaka 2016, akiwa na miaka 90, akapewa nyingine ya heshima. Basi mimi na fremu zangu tatu za mvuvi wa Cornwall tuna ukoo.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama.

Saa 8 mchana
Wakaja. Mwongozaji, mtayarishaji, na mama mmoja kutoka kituo cha televisheni kilichotoa sehemu ya fedha. Wanakaa kwenye kochi nyuma yangu, mimi nawapa mgongo. Kwa hiyo nimejifunza kuwasikiliza kwa kochi. Likilia, mtu amechoka. Likitulia kabisa, filamu inafanya kazi. Mwanga wa simu ukimulika ukutani, hapo kuna dakika ya kukatwa, hata kama mwenye simu atasema ameipenda.

Dakika ya 12 yuko mama mmoja mzee anashona wavu. Anaulizwa kuhusu kaka yake aliyekwenda baharini asirudi. Ananyamaza sekunde 11, sindano inaingia na kutoka, kisha anasema: alikuwa mpishi mzuri. Basi. Nimekulia karibu na watu wanaoshona nyavu, najua mkono ule haufanyi kazi tu, unatafuta pa kujificha. Kochi lilitulia. Nilijua nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Taa zilipowashwa yule mgeni wa televisheni akasema filamu ni nzuri mno, na huku hilo ni onyo. Sekunde 11 ni nyingi, akasema, mtazamaji atabadilisha chaneli. Tuweke muziki? Au tumfunike mama na ile picha ya droni, bandari alfajiri, mashua zinatoka? Mtayarishaji akaruka na hiyo, maana droni ile ilimla asubuhi nzima na fedha za boti, na wiki kadhaa nyuma tuliitoa sote kwa kauli moja. Nikamtazama mwongozaji. Yeye akatazama viatu vyake.

Hapa niseme jambo. Huku kila mtu anaitwa kwa jina lake tupu, hata mzee wa umri wa baba yangu. Mimi nimeshindwa. Tangu tuanze filamu hii sijamwita mwongozaji kwa jina lolote, nasubiri anitazame ndipo niseme. Siku ya kubishana naye, hiyo ni shida ya kweli.

Sikubishana, nilikata. Mbele yao nikashusha kimya kikawa sekunde 6. Tukatazama. Mama sasa anasikika kana kwamba anatania: kaka kafa, alikuwa mpishi mzuri, hahaa. Hakuna aliyecheka. Nikaweka muziki. Tukaambiwa na filauti tuhuzunike. Nikaweka droni: mama anashusha macho, nasi tunapaa angani tunamkimbia, kisha tunarudi kumsikia kaka alikuwa mpishi. Mtayarishaji akasema hiyo ni nzuri. Mgeni akasema si mbaya. Tukaitazama tena. Na tena, bila sauti. Tena kwa sekunde 9. Mgeni akauliza kama kuna picha nyingine ya mama huyu akilia. Nikamwambia hakulia. Akauliza, hata kidogo?

Mgongo wangu ulianza kuuma wakati fulani hapo, na msaidizi akaleta chai ambayo ilipoa yote. Nje ilikuwa usiku tayari, si kwamba chumba kile kinajua. Nilichofanya mwishoni ni kuwarudishia toleo la kwanza bila kuwaambia ni lipi. Sekunde 11, hakuna muziki. Kochi likatulia tena. Mwongozaji, kwa mara ya kwanza tangu saa nane, akanyanyua kichwa na kusema mama aachwe.

Lakini mwenye fedha haondoki mikono mitupu. Droni ikarudi, sekunde 8, mwanzoni mwa sehemu ile kabla hatujamwona mama. Ni picha nzuri, sikatai. "Ni sekunde nane tu," mtayarishaji akasema akivaa skafu.

Sekunde nane ni fremu 200. Zikiingia dakika ya 12, kila kinachofuata kinasogea fremu 200. Mtu wa sauti alikuwa ameshaanza kupanga mawimbi, nyayo na milango kwa nakala ya wiki iliyopita, yote hayo sasa yanagonga mapema. Mtunzi aliandika ngoma iangukie pale nanga inapozama, sasa itaangukia usoni mwa mtu anayekunywa supu. Nilimpigia wa sauti mwenyewe, maana habari kama hiyo haitumwi kwa ujumbe. Akanyamaza karibu sekunde 11. Kisha akaniambia nimwambie ni utani.

Mimi na msaidizi tukabaki. Kufunga upya, kutoa faili la sauti, orodha ya mikato kwa mrekebishaji wa rangi, na nakala ya video yenye namba za muda zinazokimbia pembeni ili wote wahesabu kitu kimoja. Kisha kuitazama filamu nzima, dakika 88 na hizo sekunde 8, bila kusimamisha, kwa sababu kompyuta ina tabia ya kuharibu kitu kimoja mahali usipotazama. Kwenye korido ya jengo letu kuna meza ya zamani ya Steenbeck, ile mashine ya Hamburg ambayo vizazi vya wahariri vilikatia filamu ya plastiki kwa mkono. Siku hizi watu huweka vikombe juu yake. Usiku ule tuliweka vyetu.

Faili zilimaliza kwenda kama saa nne na nusu. Kituo cha basi nikafungua simu, nikakuta sauti ya dada yangu wa kwa mama mkubwa, kutoka Tanga. Mdogo wangu, shikamoo zako nimezipata, hujambo? Video ya harusi ya mwanangu ipo, ina urefu wa saa tatu tu, na wewe si ndiyo kazi yako hiyo, si unayo kompyuta?

Nimemjibu anitumie zote, na sauti ya maikrofoni ya mshereheshaji aiombe peke yake kabla haijafutwa, na mpiga picha asiguse kitu wala asiweke yale maua yanayozunguka. Akauliza itakuwa tayari Jumapili? Nikamwambia ndiyo, Jumapili ya mwezi ujao.