Siku ya kung'oa maua ya njano

Saa 11 alfajiri. Uji wa uwele uko jikoni. Leo Jumamosi, kwa hiyo shambani nina mikono sita badala ya miwili: yangu, ya kijana wangu wa darasa la sita, na ya mama mkwe, ambaye ukimwambia abaki nyumbani anauliza amekosa nini.

Saa 12 na nusu. Tuko Chamwino, Dodoma, mwezi Machi, kunde zina umande. Tunaanzia kona ya chini, ndiko maua ya njano yalikochanua wiki hii. Hapa kwetu gugu lolote linalonyonya mizizi ya zao wengi huliita kiduha. Lile la mtama lina maua madogo mekundu. Hili la kunde ni la njano, halifiki kiunoni, na majani yake ukiyashika yanakwaruza. Wataalamu huliita Alectra vogelii. Mama mkwe huliita "lile".

Saa 2. Shina moja la kunde limepauka, ingawa pembeni yake hakuna gugu hata moja. Nalichimbua taratibu kwa kisu cha jikoni, nakung'uta udongo. Kuna vile vinundu vya kawaida vya kunde, vinavyotengeneza naitrojeni. Lakini kando yake kuna uvimbe, na kwenye uvimbe huo kumeshikamana vishina vinene vya rangi ya chungwa, kama vimechovywa kwenye bizari. Vinne, na hakuna hata kimoja kilichotoka juu ya ardhi.

"Mama, kumbe linaanza kula kabla hatujaliona?"

Ndiyo. Likitoa kichwa, limeshakula wiki kadhaa. Shina hili halitanipa kitu.

"Sasa tunang'oa ya nini?"

Hata mimi mwaka juzi niliuliza hivyo hivyo. Namwambia hatuokoi kunde za mwaka huu, tunaokoa udongo. Mmea mmoja ukiachwa ukomae unaweza kumwaga mbegu laki kadhaa. Mama mkwe anafungua kikopo chake cha ugoro, anabana kidogo kwa vidole viwili. "Laini hivi," anasema, halafu anaunusa. Mbegu hizo hulala ardhini miaka mingi zikingoja kemikali inayotoka kwenye mzizi wa kunde. Mzizi usipopita karibu, hazioti.

Saa 4. Tunang'oa, tunatia kwenye kiroba. Mwaka jana sikufanya hivyo. Nilirundika magugu mpakani yakiwa tayari na vitumba vya mbegu vilivyokauka, mvua ikaja, na mwaka huu maua yamepanga mstari kufuata njia ya maji, utadhani nimeyapanda kwa kamba. Mume wangu ana adabu, hajasema neno.

Saa 7 mchana. Ugali wa mtama, mlenda. Nusu saa chini ya mbuyu.

Saa 8 na nusu. Bwana shamba amefika na pikipiki yake. Namweleza mpango wangu: mwakani kona hii napanda njugu mawe, kunde zipumzike. Anatikisa kichwa.

"Mama, hapo umebadilisha sahani, mgeni ni yule yule." Njugu mawe, karanga, choroko, zote gugu hili linazila. Anataka niweke mtama, tena misimu kadhaa mfululizo. Namwambia mtama nao una kiduha chake. Anakubali, ila hicho chekundu hakiishi kwenye kunde, na cha njano hakiishi kwenye mtama. Tena kunde zikichanganywa na mtama, mizizi ya kunde huweza kuzishtua mbegu za kile chekundu zikaota, zikakosa pa kushika, zikafa. Hilo nimelipenda. Basi kona hii mtama mtupu, na kule juu kusiko na maua ya njano nachanganya.

Kuhusu mbegu stahimilivu, anasema watafiti wamekuwa wakitumia kunde ya asili ya Botswana iitwayo B301 kuzalisha aina mpya, lakini gugu hili lina koo mbalimbali, na mbegu inayostahimili kwingine inaweza kushindwa hapa. Ataulizia Hombolo, kwenye kituo cha utafiti. Nitajaribu mistari miwili kwanza.

"Na majani ya kunde hizo mpya yanapikika?" anauliza mama mkwe. Bwana shamba hajui. "Basi kaulizie na hilo, mwanangu." Na ana haki. Kunde hapa ni mboga kabla hazijawa punje.

Saa 10. Tunasugua majembe na kukung'uta viatu hapo hapo kwenye kona, tusibebe udongo wake kwenda juu. Mbuzi wa jirani nimewafukuza mara mbili.

Saa 12 jioni. Viroba viwili na nusu. Magugu ni mabichi, hayashiki moto, yanatoa moshi wa kukohoza tu. Nayatandaza juu ya turubai karibu na jiko yanyauke, tuyachome Jumatatu. Kesho ni kanisani, na bado kuna mistari kumi na minne.