Siku moja maishani mwangu: kufundisha vinyume vya Kiingereza Kidato cha Kwanza

Saa 11 alfajiri. Tanga bado kuna giza. Andalio la somo liko tayari tangu jana, ila nabadilisha jambo moja. Vitabu vingi hupanga vinyume kwa safu mbili: huku "old", kule "young". Mwanafunzi huzikariri safu hizo vizuri kabisa, kisha akiulizwa kuhusu shati anaandika "young shirt". Leo hakuna neno litakaloandikwa ubaoni bila kitu kinachosifiwa.

Saa 1:30. Mstarini, usafi, matangazo.

Saa 2. Vipindi viwili mfululizo. Watoto hawa wametoka kusoma karibu kila somo kwa Kiswahili shule ya msingi, kwa hiyo naanzia huko: kinyume cha "bichi" ni nini? Mmoja anasema "bivu". Wa nyuma anapinga, "kavu!" Binti wa dirishani anasema "iliyopikwa". Nawaacha wabishane, maana wote wamepata. Embe bichi na embe bivu, kuni mbichi na kuni kavu, nyama mbichi na nyama iliyopikwa. Kumbe neno moja laweza kuwa na vinyume vitatu, na wao walishalijua hilo tangu jikoni kwao.

Ndipo tunahamia Kiingereza. "Old man" kinyume chake "young man", lakini "old shirt" ni "new shirt". "Light bag" na "heavy bag", ila "light colour" na "dark colour". "Hard question" ni "easy question", na "hard bread" ni "soft bread". "Short" ndiyo inayowachelewesha: mvulana ni "tall", kamba ni "long", ilhali sisi husema mvulana mrefu na kamba ndefu kwa shina lilelile. Ningekuwa na uwezo, mada hii ningeipa wiki nzima.

Saa 4. Chai na viazi vya karai.

Saa 5. Mkondo mwingine, viambishi vya kukanusha. "Patient" huwa "impatient", "polite" huwa "impolite", "legal" huwa "illegal", "regular" huwa "irregular". Wanauliza kwa nini isiwe "in-" kote. Nawaambia watamke "inpolite" harakaharaka, wasikie midomo inavyojifunga kabla ya "p" na kuigeuza "n" kuwa "m". Kiswahili hufanya vivyo hivyo: twasema nyumba mbaya, hakuna asemaye "nbaya". Darasa zima linajaribu kwa sauti, na furaha niipatayo hapo ndiyo inayonifanya nisichoke na chaki. "Kind" na "honest" haziingii katika kanuni hiyo. Ni "unkind" na "dishonest", lazima zizoeleke.

Kijana mmoja ameona "flammable" kwenye lori la mafuta. Anauliza kama "inflammable" ndiyo kinyume. Hapana, zote mbili ni kitu kinachoshika moto upesi, na kinyume chake ni "non-flammable". Swali zuri sana, na ni la usalama pia.

Saa 8 mchana. Nasahihisha madaftari. "Careful" na "careless", "useful" na "useless", wengi wamepata. Wachache wamebuni "beautiless", nami naandika pembeni "ugly". Wengine wamefanya "helpless" kuwa kinyume cha "helpful". "Helpless" ni mtu asiyeweza kujisaidia. Asiyetoa msaada ni "unhelpful". Tofauti hiyo ni kubwa, kwani wa kwanza anastahili huruma na wa pili lawama.

Saa 10. Ofisini, mwalimu mwenzangu wa somo la Kiswahili ananionyesha insha iliyosema jirani "si tajiri, kwa hiyo ni maskini". Tunakubaliana kwamba jambo hili lifundishwe na sote wawili. Kati ya "rich" na "poor" wapo watu wengi, kama ilivyo kati ya "hot" na "cold". Kati ya "alive" na "dead" hakuna wa katikati.

Saa 2 usiku. Naandika zoezi la kesho: kila mwanafunzi aeleze watu wawili wa nyumbani kwao wenye tabia zinazopingana, mmoja "generous" na mwenzake "stingy", au mmoja "talkative" na mwingine "quiet", na kwa kila sifa ataje jambo ambalo mtu huyo alilifanya.