Milimita mbili zilizonikesha

Ndeeba, Kampala, Jumapili usiku

Leo nimeutoa tena ule mlango wa kabati niliouchonga kwa mashine yangu ya CNC, ile niliyojiundia ya kuchonga mbao kwa amri za kompyuta, nikauweka juu ya meza. Ubao wa mvule, mraba wa milimita 400, maua pembezoni yamechongeka vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikapima upande wa juu: 400. Wa chini: 400. Kushoto na kulia, vivyo hivyo. Na bado mlango haukai. Ukiufunga, kona moja inagusa fremu na nyingine inachungulia nje. Mteja aliutazama, akacheka, akaniambia, "Ssebo, mashine yako imelewa." Afadhali angenigombeza.

Usiku huu ndipo nilipokumbuka kupima kona kwa kona. Upande mmoja nikapata 567 kasoro kidogo, upande wa pili 565 kasoro kidogo. Zilitakiwa zilingane, 565.7 zote mbili. Yaani nilikuwa nimechonga msambamba wenye pande sawa, na kalipa yangu ya bei mbaya ikaupitisha kama mraba.

Kinachoniuma ni kwamba mashine hii ni ya pili, ile "iliyoboreshwa". Ya kwanza niliiunda kwa plaiwudi na reli za droo. Skrubu zake zilikuwa fimbo za M8 za dukani, zilezile za kufungia mabati. Fimbo ya M8 ikizunguka mara moja, nati inasogea milimita 1.25 tu, kwa hiyo kuchonga kibao cha jina la mtu kulichukua muda wa kupika maharage. Nati zililegea kila wiki. Ukiagiza mashine irudi nyuma, mota inazunguka kwanza bila kitu kusogea, kisha ndipo inashika. Duara zote zilitoka na bega.

Nikaona tatizo ni skrubu na mota. Nikajinyima miezi, nikaagiza skrubu za gololi 1605: unene milimita 16, mzunguko mmoja milimita 5, na ndani ya nati kuna gololi zinazobingirika badala ya chuma kusugua chuma. Nikabadilisha mota za NEMA 17 kwa NEMA 23, kubwa na zenye nguvu zaidi. Hesabu yake naipenda mpaka leo. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, saketi inagawa kila hatua mara 16, inakuwa 3200; gawa kwa 5, unapata hatua 640 kwa kila milimita. Nikaiandika 640 kwenye GRBL, ile programu ndogo inayokaa ndani ya Arduino, nikajiona mhandisi. Moja juu ya 640 ya milimita! Nani angenibishia?

Halafu ikaja wiki ya kichaa. Kila nikiwasha spindeli, ile mota inayozungusha biti ya kuchongea, mashine inasimama katikati ya kazi ikidai imegonga swichi ya mwisho wa reli, na haijafika hata nusu. Nilibadilisha swichi mara mbili. Kumbe nyaya za swichi nilikuwa nimezifunga pamoja na waya wa spindeli, na kelele ya umeme ilikuwa inavuka. Nikazitenganisha, nikatumia waya wenye wavu na kuuunga wavu kwenye ardhi upande mmoja tu, nikaongeza kapasita ndogo kwenye kila swichi. Ikanyamaza. Ushindi ule ndio ulionipa kiburi, nadhani.

Fremu ya mashine, basi. Niliichomelea Katwe, kwa mzee mmoja Mnubi wa Bombo. Nilimpendea Kiswahili chake kwanza. Hapa Kampala ukizungumza Kiswahili kuna watu wanaotafuta bunduki ulikoificha, maana wanakihusisha na wanajeshi, lakini kwake nilijisikia nyumbani Busia. Siku ile alitaka kushika kona zote kwa nukta ndogondogo, aziache zipoe, apime, ndipo achomelee moja kwa moja. Mimi nilikuwa na bodaboda anasubiri nje, na umeme ulikuwa umeshazimika mara mbili asubuhi hiyo. Nikamwambia, "Mzee, malizia tu, mengine nitarekebisha kwenye kompyuta." Alinitazama kidogo, akashusha kioo chake usoni, akamalizia.

Jumatano

Nimemleta mzee nyumbani. Hakuuliza habari ya mota wala skrubu. Alitoa mfukoni uzi wa kuvulia samaki, akaufunga kwenye kitanda cha mashine, yaani fremu ya chini inayobeba reli, kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, akafunga wa pili kona nyingine, ukipita juu ya ule wa kwanza. "Kitanda kikiwa sawa, nyuzi zinabusiana katikati bila kusukumana," alisema. Zetu hazikubusiana. Kati ya uzi na uzi palikuwa na nafasi ya kupitisha kucha. Chuma kilipopoa kilijivuta, kona moja ikainuka, na reli zikafuata chuma.

"Kijana, kompyuta imerekebisha?"

Sikuwa na jibu. Kompyuta haioni chochote. Mota hizi hazina jicho: zinapewa hatua, zinazihesabu, basi. Ile mashine ya kwanza ya aina hii, iliyooneshwa MIT huko Marekani mwaka 1952, ilifuata matundu kwenye mkanda wa karatasi. Yangu inafuata herufi na namba. Ukiiambia iende 400 kulia kisha 400 mbele, itakwenda. Kama "mbele" yake imepinda, hiyo si shida yake.

Tulianza na kitanda. Mzee alikata kopo la soda kwa mkasi, vipande vya unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, tukavipachika chini ya reli kimoja kimoja mpaka nyuzi zikabusiana. Kazi ya saa nne kwa takataka za kijiweni.

Kisha daraja, lile linalobeba spindeli. Nikaiamuru mashine itoboe nukta tatu kwenye ubao: moja kwenye sifuri, moja milimita 300 kulia, moja milimita 400 mbele. Kona ikiwa ya mraba, kati ya hizo mbili za mwisho lazima iwe 500, kama waashi wanavyofanya wakipiga msingi. Rula ya chuma ikasema 499 na kidogo. Tukalegeza bolti za daraja, mzee akapanua matundu kwa tupa, tukausogeza upande wa kushoto kama milimita mbili na nusu, tukakaza, tukatoboa tena. Mara ya tano ikasoma 500, au macho yangu yalitaka isome hivyo.

Alikataa hela. Anataka maandishi ya geti lake, ya chuma. Nimemweleza kwamba mashine hii ni ya mbao, na alumini labda kwa kubembeleza, akaniambia basi nimbembelezee alumini.

Ijumaa

Nimechonga mlango mpya kwenye mbao za msindano kwanza, mvule hauchezewi. Kona kwa kona tofauti haifiki nusu milimita. Jioni nikaweka mvule. Ulikuwa umefika robo tatu ya maua umeme ukazimika, biti ikiwa ndani ya ubao, na GRBL ikiwaka tena haitakumbuka ilikuwa wapi. Nimekaa hapa na tochi ya simu. Nitaipandisha biti kwa mkono polepole, nirudi kwenye swichi za mwanzo, nione kama sifuri ya leo asubuhi bado ni sifuri.