Plota ya zamani, adapta ya USB na waya mmoja uliokosekana

Naandika hapa maendeleo ya ile plota yangu ya miaka ya 80, ile inayochora kwa kalamu halisi na kuelewa HPGL, yaani lugha ya amri fupi za kuchora. Nia yangu ni kuitumia kutoka kwenye Linux ya kawaida kabisa, laptop haina poti ya siriali kwa hiyo lazima nipitie adapta ya USB.

Siku ya kwanza

Nimechomeka adapta ya kwanza, yenye chipu ya CH340, lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) inaiona vizuri, namba yake 1a86:7523, lakini /dev/ttyUSB0, faili ambalo programu hulitumia kuongea na adapta, haipo. Nikacheki dmesg, yaani ujumbe wa keneli, kumbe ilitokea halafu ikatoweka ndani ya sekunde moja, na mstari wa karibu na hapo unataja brltty. Hiyo ni programu ya vifaa vya Braille kwa wasioona, kuna kifaa chake kinatumia namba hiyohiyo ya USB, sasa ikiona adapta inadhani ni mali yake. Mimi siitumii kwa hiyo nimeiondoa, ila kama kuna mtu kwenye hiyo kompyuta anaitegemea usiitoe jamani, zima ile kanuni moja tu ya udev (mfumo unaotambua vifaa vinavyochomekwa) inayotaja 1a86:7523.

Baada ya hapo ikaja "Permission denied", hiyo ni ya kila mtu, sudo usermod -aG dialout na jina lako, ujiingize kwenye kundi linaloruhusiwa kutumia poti za siriali, toka kwenye akaunti uingie tena, basi.

Siku ya pili

Kabla sijagusa plota nimeipima adapta peke yake. Unachukua kipande kidogo cha waya unaunganisha pini ya 2 (kupokea) na ya 3 (kutuma), unafungua picocom, programu ya kuongea na poti ya siriali, unaandika herufi, zikirudi kwenye skrini ujue USB, draiva na chipu vyote viko sawa na tatizo lolote litakalobaki liko mbele ya plagi. Kipimo hiki kwangu ni bora kuliko vyote manake kinagawa tatizo katikati. Nikaweka na multimita kati ya pini ya 3 na ya 5 (ya ardhi) wakati hakuna kinachotumwa, ikasoma hasi, kama volti 6 hivi. Hasi ndiyo unayoitaka, hiyo ni RS-232 kweli, siriali ya volti ambazo vifaa vya zamani vinazitegemea. Ukiona chanya 3.3 au 5 hiyo ni adapta ya TTL ya kuongea na bodi ndogondogo, haifai kwa kifaa kama hiki.

Kebo nimeichomea mwenyewe, waya tatu tu: 2 kwa 2, 3 kwa 3, na 5 ya upande wa kompyuta kwenda 7 ya plagi kubwa ya pini 25. Usishangae 2 kwenda 2, plagi ya pini 9 na ya pini 25 zimegeuziana namba za kutuma na kupokea, kwa hiyo hapo tayari waya zimepishana.

Siku ya tatu

Nimetuma IN;SP1;PU0,0;PD1000,1000; na plota ikawasha taa ya kosa, kalamu haikusogea hata kidogo. Nikaenda kwenye swichi ndogo za nyuma, kumbe zimewekwa 9600, biti 7, pariti shufwa (biti ya ziada inayofanya idadi ya moja iwe shufwa), na mimi natuma biti 8 bila pariti. Nikakaa na karatasi nikahesabu biti moja moja nikaelewa kinachotokea: P, U na D zina idadi shufwa ya moja kwa hiyo zinapita bila shida, lakini alama ya ; inayofunga amri ina moja tano, inakataliwa kila mara. Yaani amri zinafika ila mwisho wa amri haufiki! Nikaweka mipangilio ileile upande wangu, stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs7 parenb -parodd, na mstari ukachorwa. Ukichomoa adapta na kuirudisha mipangilio hiyo inapotea, kwa hiyo nimeiweka kwenye skripti.

Siku hiyohiyo nilijaribu na crtscts, mpangilio wa kusimamisha kutuma kifaa kikisema "ngoja", sikuona tofauti yoyote, nikaizima nikaendelea.

Siku ya nne hadi ya sita

Hapa ndipo muda wangu wote umeishia. Michoro midogo safi kabisa, mchoro mkubwa unaanza vizuri halafu katikati kalamu inakata karatasi kutoka kona hadi kona, taa ya kosa inawaka. Nimebadilisha kebo, nimeshusha spidi, kosa linasogea mbele kidogo tu. Hesabu ndiyo ilinionyesha: 9600 ni kama herufi 960 kwa sekunde, bafa ya plota, yaani kumbukumbu ya muda ya amri zinazosubiri, ni baiti 1024, na kalamu inaenda taratibu, kwa hiyo bafa inajaa baada ya sekunde chache na kinachofuata kinamwagika.

Plota inajua kusema "ngoja", inashusha pini ya 20, ila mimi sikuweka waya wa kuisikiliza. Nikachomea waya wa nne, 20 ya plota kwenda 8 ya adapta, pini ya kuambiwa kama inaruhusiwa kutuma, nikawasha crtscts. Bado ikamwagika. Kumbe kwenye keneli niliyonayo draiva ya ch341, ndiyo ya chipu ya CH340, haishughulikii crtscts kabisa, inakubali bila kulalamika halafu haifanyi kitu. Nikabadilisha adapta, nikaweka ile inayotumia draiva ya ftdi_sio, kebo ileile, amri ileile.

Siku ya saba

Nimetuma faili la kilobaiti 40 huku multimita iko kati ya pini ya 8 na ya 5. Sekunde ya kwanza chanya, kisha ikaruka kwenda hasi ikatulia hapo, kalamu inachora, data imesimama inasubiri. Baada ya muda chanya tena kidogo, halafu hasi. Imeenda hivyo mchoro mzima, na mstari wa mwisho umekutana na wa kwanza palepale ulipoanzia.